Halikuwa tundu, ilikuwa njia ya panya

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa kwenye baraza letu hapa Korogwe, amempakata mjukuu wake wa wiki tatu, akamvua kofia ili ampake mafuta kichwani, na mkono ukamkwama hewani. "Mwanangu," akaniita, "hebu njoo utazame utosi wa huyu mtoto." Utosi wa mtoto mchanga hucheza, nilijua hilo tangu kwa dada yake. Wa huyu ulikuwa unaruka. Ngozi ilipanda na kushuka kama kuna kidole kinabisha hodi kutoka ndani. Nikatazama shingo, nayo inaruka. Nikamshika mguu, nikayahisi mapigo juu ya unyayo, wazi kabisa, mahali ambapo kwa mtoto wa umri ule hata muuguzi huyatafuta kwa taabu.

"Huyu mishipa yake ina nguvu," nikasema, na nilimaanisha. Niliona ni afya ile. Mama mkwe hakujibu. Alimrudishia kofia taratibu, akasema kesho tumpeleke hospitali.

Kumbe dalili nyingine zilikuwepo, nilikuwa nazipita. Alikuwa ananyonya kidogo, anaacha, anahema, kisha ananyonya tena, na kipaji cha uso kimelowa jasho saa kumi na mbili asubuhi wakati sisi wenyewe tumejifunika mashuka mawili. Analala kwa uchovu tumbo likiwa tupu, nusu saa haipiti ameamka analia. Akivuta pumzi mbavu zinabonyea. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala. Lakini rangi yake ilikuwa nzuri, midomo na kucha vyekundu vya kupendeza, na hilo lilitupumbaza sote, kwa sababu watu wanajua kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa moyo hugeuka bluu. Wapo wanaogeuka, wale ambao damu isiyo na hewa safi inachanganyika na iliyo nayo. Kwa mwanangu hakuna kilichochanganyika. Damu ilikuwa safi. Tatizo lake ni kwamba ilikuwa ikitoka na kurudi.

Kituo cha kwanza walisema nimonia, wakampa sindano za siku tano. Homa hakuwa nayo, na kikohozi hakuwa nacho. Siwalaumu sana, maana mtoto mchanga anayehema haraka, jambo la kwanza linalomjia mhudumu yeyote kichwani ni mapafu. Sindano zilipokwisha na hakuna kilichobadilika tukaenda hospitali ya pili. Hapo daktari aliweka stetoskopu kifuani, akasikiliza muda mrefu, akahamisha, akasikiliza tena. Kisha akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote: "Mwalimu, mtoto ana tundu kwenye moyo. Usiogope. Matundu mengi ya watoto huziba yenyewe. Mlete baada ya miezi mitatu."

Nilitoka pale na furaha. Nilimpigia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa Horohoro, mpakani na Kenya, anasubiri nyaraka zake zigongwe mihuri. Tulimshukuru Mungu kwenye simu, kila mmoja upande wake. Nikawaambia ndugu, nikawaambia walimu wenzangu: ni tundu tu, litaziba. Siku 11 tulikaa tunasubiri tundu lizibe.

Siku ya 12 alikataa titi.

Safari ya Dar sitaieleza sana. Walimpa oksijeni na dawa ya kutoa maji mwilini, wakaandika rufaa, tukapanda gari la wagonjwa usiku. Nakumbuka taa za Segera, nakumbuka lori zilizopanga foleni Chalinze, na nakumbuka nimeweka kidole juu ya mguu wake njia nzima nikihesabu yale mapigo niliyoyaita nguvu.

Daktari aliyempima eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, alikuwa dada mdogo mwenye mtandio wa kijani. Chumba kilikuwa giza. Kwenye kioo moyo wa mwanangu ulikuwa unafunguka na kufumba, na juu yake rangi zinapita, nyekundu na bluu. Baadaye nilielezwa kwamba rangi hizo hazisemi damu safi au chafu: nyekundu ni damu inayokijia kile kifaa cha kupimia, bluu ni ile inayokikimbia. Kuna mahali pamoja rangi zilikuwa zinapokezana, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, kila pigo. Dada yule alirudi hapo mara nyingi. Hakusema neno. Akatoka, akarudi na daktari bingwa, mzee wa makamo, naye akakaa, akatazama, akaomba kifaa akishike mwenyewe. Mwishowe akanigeukia. "Mama, hili si tundu."

Alichora nyuma ya fomu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Kwenye moyo, chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi ya kusukuma damu kwenda mwili mzima. Damu hutokea hapo ikaingia mshipa mkubwa kuliko yote, aota. Kati ya chumba na aota kuna mlango, vali yenye majani matatu madogo. Moyo ukibana, majani yanafunguka damu ipite. Moyo ukilegea, yanafumba ili damu iliyokwisha kutoka isirudi. Sasa mwanangu vali yake ilikuwa nzima, inafumba vizuri. Ila alizaliwa na njia nyingine iliyoanzia kwenye ukuta wa aota, juu ya vali, ikapita nje kandokando ya ile vali, ikashuka na kutokea ndani ya chumba kilekile cha kushoto, chini ya vali. Madaktari wanaiita handaki, handaki la kati ya aota na chumba cha kushoto. Kila moyo ulipolegea, damu ilirudi kwa kupitia humo. Moyo ulipobana tena ulibeba mzigo wa mara mbili: damu mpya iliyotoka mapafuni, pamoja na ile iliyorudi.

Mume wangu alifika siku iliyofuata, nikampa mchoro. Akautazama kimya. Halafu akasema, "Kumbe ni njia ya panya." Mtu anayeishi kwenye barabara ya mpakani hahitaji maelezo zaidi. Geti lipo, askari wako macho, kizuizi kimeshushwa, na mali inapita porini mita chache kutoka hapo. Unaweza kuongeza askari na kubadilisha geti, haitasaidia kitu. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatukuliita jina lingine.

Daktari bingwa alikuwa mtu wa kueleza, na mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimuuliza kuhusu yale mapigo. Akasema, mama, moyo unarusha damu nyingi kwa kishindo, mshipa unajaa ghafla, unaruka. Halafu damu inakimbilia handakini, mshipa unanywea. Kinachoruka kwenye utosi ni tofauti kati ya kujaa na kunywea. Akanionyesha presha kwenye mashine: 80 kwa 24. Mwalimu wa hesabu huwa napenda namba, lakini ile 24 ilinitia baridi hata kabla sijaielewa.

Nilipoielewa, sikulala. Moyo nao ni nyama, nao unahitaji kulishwa damu. Mishipa inayoulisha inachipuka kwenye aota yenyewe, juu kidogo tu ya vali. Moyo unapobana nyama yake hujikaza, mishipa hiyo nayo hubanwa, kwa hiyo upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya chakula chake moyo unapolegea. Ule muda wa kupumzika ndio muda wake wa kula. Na ni muda uleule ambao handaki linanyonya damu kutoka aota. Ile namba ya chini, 24, ndiyo msukumo uliobaki wa kumlisha mfanyakazi anayefanya kazi mara mbili. Mwanangu alikuwa na moyo unaofanya kazi kupita kiasi na kulala na njaa, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akilala kifuani kwangu.

Hata kasi ya moyo wake, 170 kwa dakika, ambayo ilikuwa inanitisha, daktari alisema ni akili ya mwili. Moyo ukienda mbio, muda wa kulegea unakuwa mfupi, na damu inayorudi inakuwa pungufu. Kwa hiyo haikuwa vizuri kuushusha kwa dawa kwa nguvu.

Kisha akanipa stetoskopu nisikilize. Moyo mzima husema maneno mawili, tunafundisha shuleni, lab-dab. Wa mwanangu ulikuwa unasema kama mafundi wawili wanaopasua gogo kwa msumeno mrefu, mmoja anavuta, mwenzake anavuta. Kwenda na kurudi, bila kituo. Nilimrudishia stetoskopu mapema. Sikuweza.

Wodini usiku mama wenzangu wakilala nilikuwa nasoma kwenye simu. Watoto wanaozaliwa na kasoro yoyote ya moyo ni takriban 8 katika kila 1,000. Wenye handaki hili hawafiki hata 1 katika kila 1,000 ya hao wenye kasoro, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Daktari anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nimsamehe yule aliyesema tundu.

Nilitaka kujua nani aliyeligundua. Jina la handaki lilienea kutokana na makala ya mwaka 1963 ya madaktari wa Minnesota, Marekani. Aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi ni Morris Levy. Majina mengine ndiyo yaliyonikalisha macho. Mmoja ni C. Walton Lillehei, yule ambaye mwaka 1954, kabla mashine ya moyo na mapafu haijawa ya kutegemewa, alifungua mioyo ya watoto huku wameunganishwa kwa mipira na mtu mzima, mara nyingi mzazi, ili moyo na mapafu ya mkubwa vifanye kazi ya watu wawili. Alifanya hivyo mara 45 kati ya 1954 na 1955. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, na nikajua kwamba kama ningeambiwa nilale kwenye meza ya pili ningelala. Mwingine ni Jesse Edwards, mtaalamu wa maradhi aliyetumia maisha yake kuchunguza mioyo ya watu waliokwisha kufa ili walio hai waeleweke. Na mwingine ni Kurt Amplatz, mtaalamu wa picha za eksirei. Huyu miaka mingi baadaye alibuni vizibo vidogo vya nyaya laini ambavyo hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni bila kupasua kifua. Madaktari wengine wakaja kutumia kizibo chake kuziba handaki lilelile alilosaidia kulieleza. Sijui kama alitarajia. Nilimsimulia muuguzi wa zamu saa nane usiku, akanisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Nilimuuliza daktari kuhusu kizibo. Akasema kwa umbo la handaki la mwanangu hapana: mdomo wake ulikuwa mpana na ulikaa karibu mno na tundu la mshipa wa kulia unaoulisha moyo. Kizibo kingeweza kuufunika. Na kinaweza kusukuma jani la vali. Kifua kitafunguliwa.

Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya India. Wazazi wa kizazi kilichonitangulia walisubiri rufaa ya nje mpaka wengine wakasubiri kaburi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kujitegemea pale Muhimbili mwaka 2015, na siku hizi watoto wengi wanapasuliwa nyumbani, mara nyingine kwenye kambi ambapo madaktari wetu hufanya kazi bega kwa bega na wageni. Mwanangu alipasuliwa kwenye kambi ya namna hiyo, akiwa na umri wa wiki 11 na kilo 3.9. Wakati tunasubiri alikuwa kwenye dawa mbili, ya kutoa maji na ya kulegeza mishipa ili damu ipate wepesi wa kwenda mbele. Nilimlisha maziwa niliyoyakamua, kwa mpira wa puani, ili asitumie nguvu kunyonya. Kila gramu aliyoongeza niliandika kwenye daftari la kaunta. Madereva wenzake mume wangu walikuja kuchangia damu, wakiwa bado na vumbi la safari. Wawili walikataliwa kwa presha kubwa, wakatoka wamekasirika.

Upasuaji ulichukua saa tano. Walimwekea mashine, wakausimamisha moyo, wakafungua aota. Mdomo wa juu wa handaki wakaufunga kwa kiraka kilichokatwa kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe unaoufunika moyo, wakihakikisha hawaugusi ule mshipa wa kulia. Mdomo wa chini nao wakaufunga. Nilimuuliza daktari kwa nini pande zote mbili, akasema ukifunga juu peke yake, chini unabaki na mfuko unaojaa kila moyo unapobana, na vali haina pa kuegemea.

Jioni walituruhusu mmoja mmoja. Kulikuwa na mirija mingi kuliko mtoto. Sikumtazama usoni kwanza, nilitazama mashine. 78 kwa 44. Nikasoma tena. Nikamuuliza muuguzi, "Dada, hii ya chini ni ya kwake kweli?" Akasema ni yake. Nikaweka mkono kwenye utosi. Ulikuwa unacheza, kidogo, kama wa dada yake.

Sasa nirudi kwenye neno "tundu", maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Wiki mbili zilizopita mwalimu mwenzangu alikuja ofisini anacheka kwa nafuu. Mjukuu wake ameambiwa ana tundu kwenye moyo, asubiri, litaziba. Niliganda.

Kiswahili chetu cha hospitalini kina neno moja kwa mambo ishirini. Ukuta wenye uwazi kati ya vyumba viwili vya chini, ni tundu. Uwazi kati ya vyumba vya juu, ni tundu. Mshipa wa tangu tumboni uliochelewa kufunga baada ya kuzaliwa, tundu. Vali iliyozaliwa nyembamba, nayo nimesikia ikiitwa tundu, wakati shida yake ni kukosa uwazi wa kutosha. Ni kweli kwamba uwazi mdogo kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini mara nyingi huziba wenyewe, na aliyesema hivyo hakudanganya. Lakini faraja inayomfaa mtoto mmoja inapewa wazazi wa wote, kwa kuwa wote wamepewa neno moja. Handaki si la kusubiri. Kwa kawaida madaktari hushauri lifungwe linapogunduliwa, hata kabla mtoto hajaonyesha dalili, kwa sababu kila mwezi unaopita chumba cha kushoto kinatanuka na vali inazidi kuvutwa. Siku zetu 11 hazikuwa za kupoteza.

Sitaki madaktari waache kusema Kiswahili. Nataka Kiswahili chao kiongezwe. Mzazi anaweza kuelewa "njia inayopita kando ya vali". Anaweza kuelewa "ukuta una uwazi", "mlango unavuja", "mshipa umebanwa". Hatujasomea udaktari, lakini tunajua mabomba, tunajua mageti, tunajua mifereji ya mashamba. Mtu yeyote aliyewahi kufunga maji yaingie jaruba moja akakuta yanaibukia la jirani ataelewa handaki kwa dakika moja. Ndiyo maana nilimuuliza mwenzangu: tundu hilo liko kati ya wapi na wapi? Amepimwa eko, au amesikilizwa tu? Akinyonya anatoka jasho? Hakujua la kwanza wala la pili. La tatu lilimfanya akae chini. Nilimpa nauli kabla kengele ya kipindi cha nne haijalia, na mjukuu sasa amepangiwa kipimo. Inawezekana kabisa ni uwazi mdogo wa ukuta, na utaziba. Nitafurahi sana.

Wetu hajamaliza na hospitali, wala hatamaliza. Handaki lilipita mahali ambapo jani moja la vali lilipaswa kuegemea, na kwa baadhi ya watoto vali huanza kuvuja miaka mingi baada ya kiraka kushika. Ya kwake inavuja kidogo. Kila mwaka tunakwenda Dar, kila mwaka wanapima ule uvujaji na upana wa chumba, na mpaka sasa havijasogea. Anacheza mpira, analia akitolewa mapema, ana kovu refu katikati ya kifua ambalo wenzake darasani wanaamini ni la kuumwa na mamba wa Mto Pangani. Sikulianzisha mimi hilo, na baba yake anakataa kuapa.

Mwezi wa sita mwaka huu, baada ya eko, daktari alimwita kijana karibu na meza akamvalisha stetoskopu masikioni. Wanafunzi watatu wa udaktari walikuwa wamesimama nyuma. "Unasikia nini?" Akafumba macho, uso umekaza kama anavyofanya kwenye hesabu za kugawanya. Akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mwanafunzi mmoja akabadili mguu wa kusimamia.

"Inagonga mara mbili," akasema. "Halafu kuna mtu anapumua kidogo."

Daktari akawageukia wanafunzi, akawaambia hajawahi kusikia mtu akiueleza uvujaji mdogo wa vali ya aota vizuri namna hiyo. Muuguzi alikuwa anamfungua mkanda wa presha mkononi. Nikanyosha shingo nisome kabla hajazima, nikatoa daftari la kaunta kwenye mkoba, lilelile, limeisha jalada. Nikaandika tarehe, uzito, na 98 kwa 57.